Mpaka Kwanza, Mbege Baadaye

Moshi, Desemba

Mabasi ya kutoka Dar yameshaanza kujaa. Huku migombani ndugu wanarudi, na ugomvi wao nao unarudi. Mara nyingi chanzo ni kihamba, shamba la ukoo lenye migomba na nyumba. Kwa mila ya Wachagga, kitindamimba hubaki na nyumba ya wazazi, mkubwa hukatiwa cha kwake, wa katikati huambiwa akatafute. Zamani ardhi ya kutafuta ilikuwepo. Leo ekari moja wakigawana wanaume wanne, kila mmoja anaambulia robo, na hapo hujatoa makaburi wala njia.

Kinachoharibu vikao vingi ni kuzungumzia mpaka wakati mbege, pombe yetu ya ndizi, imeshazunguka. Hapo mtu anaanza kukumbushwa hata ada ya shule aliyolipiwa na kaka yake. Kaeni asubuhi, tena shambani. Yatazameni masale yenyewe, mimea inayopandwa kuonyesha mpaka: ya zamani yameshonana na mashina yana makovu ya majani, yaliyohamishwa juzi ni fito mojamoja, udongo wake bado haujashikana. Isale hushika hata ukichomeka kipande cha shina, kwa hiyo kusogeza mpaka hatua mbili ni kazi ya usiku mmoja. Pimeni kwa futi kamba kuanzia kitu kisichohama, kama kaburi au jiwe kubwa. Mfereji msiutegemee sana, nao huchepushwa.

Aliyekosa asitume meseji. Afunge fundo jani la isale, ambalo kwetu ni ishara ya kuomba radhi, na lipelekwe na mtu mzima anayeheshimiwa na pande zote. Kwangu mimi shangazi anafaa kuliko baba mdogo, ambaye huenda naye ana mpaka wake humo humo. Kimila isale halikataliwi, na hapo ndipo wengi wanapojificha: jani linafika, kosa halitajwi, mwenzake analipokea kwa heshima na kinyongo kinabaki pale pale. Mjumbe alitaje kosa waziwazi: "Anasema alisogeza masale, akakata na mgomba wako."

Dada zenu waitwe, hata walioolewa. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 haitambui mila inayomnyima mwanamke ardhi, na kikao kilichowaruka ni rahisi kupingwa.

Kisha andikeni muhtasari: tarehe, waliohudhuria, vipimo, sahihi za wote. Kama mzazi ameshafariki, huo ndio Mahakama ya Mwanzo itakaoutaka, pamoja na cheti cha kifo, mnapoomba msimamizi wa mirathi. Msimchague anayelalamikiwa.

Mkishindwana, kuna Baraza la Ardhi la Kijiji, wajumbe 7, kati yao wanawake 3. Baraza la Kata nalo, tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2021, linasuluhisha tu, halitoi hukumu. Siku 30 zikipita bila suluhu, shauri linaweza kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Huko kila ndugu anakuja na wakili wake, na hata atakayeshinda, Krismasi inayofuata atachinja mbuzi peke yake.