Kompyuta ya steshenari iligoma kuwaka nikaambiwa madabodi imeungua, kumbe sivyo

Nina steshenari ndogo hapa Morogoro, kazi zenyewe mnazijua, kopi, kuchapa barua, wasifu wa marehemu, kadi za michango, na ikifika msimu wa mitihani ya shule ndo napata kodi ya fremu. Kompyuta ni moja tu, ile ya mezani ya mtumba, ina rami (vile vibao vya kumbukumbu ya muda) mbili za 4GB za DDR3, ya zamani kweli ila imenilisha miaka na naipenda.

Ijumaa usiku umeme ukakatika, ukarudi, ukakatika tena, kama mara tatu hivi halafu ukapotea kabisa mpaka alfajiri. Mashine nilikuwa nimeshaizima ila soketi sikuzima, sikuwaga na hiyo tabia. Jumamosi asubuhi nabonyeza kitufe, kimya. Hakuna taa, hakuna feni, hakuna chochote. Na humo ndani kuna mtihani wa darasa la sita, sayansi na hisabati, michoro nimeichora siku mbili, mwalimu anaufuata Jumatatu asubuhi nakala 240 na kopi nyingine sina popote. Nilitetemeka mikono jamani.

Akaja fundi, akabonyeza bonyeza, akainusa kwa nyuma, akasema dada hii madabodi (ile bodi kubwa ya ndani inayounganisha kila kitu) imeungua, laki na themanini naleta nyingine na nakupigia Windows upya. Sikumkatalia ila nikamwambia nipe mpaka jioni, maana hata kava hakuwa amelifungua, na hiyo hela sina. Nikampigia shemeji yangu, yuko Dodoma, alishafanya kazi ya kompyuta zamani. Akaniambia shem usinunue kitu chochote kabla hujajua umeme unaishia wapi, anza ukutani uje ndani, kimoja kimoja.

Nikaanza ukutani. Kwenye ekstensheni ileile nikachomeka chaja ya simu, inachaji. Waya wa umeme wa CPU, yaani boksi lenyewe la kompyuta, na wa monita ni aina moja, nikaubadilisha, monita ikawaka kwa waya wa CPU, kwa hiyo waya mzima. Nikachomoa kila kitu, nikashikilia kitufe cha kuwashia sekunde 30 kumaliza umeme uliobaki ndani, nikarudishia, kimya vilevile. Basi shida iko ndani ya boksi.

Nikafungua kava, vumbi lililokuwemo ungeweza kupanda mchicha, nikalitoa kwa brashi ya rangi mpya iliyokavu, taratibu. Shem akaniambia angalia pawa saplai, lile boksi la chuma umeme unapoingilia, kuna mkia mnene wa waya umeenda kwenye madabodi, una matundu 24. Chomoa umeme kwanza, halafu uchomoe ule mkia. Kati ya zile waya kuna moja tu ya kijani, na nyeusi zipo nyingi. Chukua klipu ya karatasi (steshenari klipu hazikosekani), inyooshe, ncha moja chomeka kwenye tundu la kijani nyingine kwenye tundu la nyeusi yoyote, achia mkono, ndo uchomeke umeme. Hapo unaidanganya pawa saplai kwamba kitufe kimebonyezwa, ikiwa nzima feni yake inazunguka.

Haikuzunguka. Nikarudia nikihakikisha klipu imegusa vizuri, wapi.

Hapa niseme kwa msisitizo, lile boksi lenyewe usilifungue hata kama una bisibisi na una hamu ya kujua, ndani kuna kapasita zinatunza umeme hata ukiwa umechomoa na zinaweza kukuua. Na sio kompyuta zote zina mkia wa matundu 24, kuna kampuni zinaweka za kwao za matundu machache na rangi zao, ukikuta hivyo hicho kipimo cha klipu achana nacho.

Mchana nikaenda mjini nikapata pawa saplai ya mtumba kwa elfu 30, nimebeba klipu yangu mfukoni, nikamwambia muuzaji kaka iwashe mbele yangu kwanza, akaiwasha feni ikalia vuuu ndo nikalipa. Nikarudi nikafunga skrubu nne, nikapachika mkia wa 24 na ule mdogo wa matundu manne ulio karibu na prosesa, huo watu wanausahau halafu mashine inawaka bila picha. Nikabonyeza. Feni zote zikazunguka! Nilipiga makofi peke yangu pale dukani.

Ila kioo cheusi, na mlio, piii, piii, piii, inanyamaza kidogo inarudia. Shem akausikia kwenye simu akasema hiyo inalalamikia rami, mlio ni lugha ya mashine na kila kampuni ina namna yake ya kuhesabu ila huo anaufahamu. Nikachomoa umeme, nikazitoa rami zote mbili, meno yake ya dhahabu yamefifia kama sufuria la zamani. Nikachukua raba nyeupe ya penseli nikayasugua polepole pande zote mpaka yakang'aa, nikafuta unga wa raba kwa kitambaa kikavu, nikarudishia moja tu, nikaibana mpaka vile vishikizo vikalia tak. Picha ikaja. Nikaongeza ya pili, picha ipo. Nadhani zililegea au uchafu tu, maana mpaka leo hazijasumbua.

Picha yenyewe sasa. Maandishi meupe kwamba tarehe na saa havijawekwa, mwaka unasoma 2012, nibonyeze F1 kuendelea. Nikabonyeza, alama ya Windows ikaja, halafu kioo cha bluu sekunde moja, ikajizima ikawaka yenyewe, tena bluu, tena, tena. Ilikuwa saa nne usiku Jumamosi. Nikamkumbuka fundi na neno lake la kupiga Windows upya, na nakiri nilikaribia kumpigia, ila mtihani upo kwenye C, diski ileile yenye Windows, na ukipiga upya bila kutoa mafaili ndo umeyazika.

Jumapili baada ya ibada shem akanipigia mwenyewe, kumbe usiku alikuwa anaiwazia. Akaniuliza, saa ya hiyo kompyuta ilikuwa inachelewa? Nikashtuka, kweli, miezi kama mitatu kila asubuhi ilikuwa nyuma dakika kadhaa na mimi naisogeza tu. Akasema basi betri ya kwenye madabodi imechoka siku nyingi, ile ya duara kama sarafu, CR2032, ndo inayotunza saa na mipangilio ya mashine ukiwa umechomoa umeme. Wewe huzimagi soketi kwa hiyo pawa saplai ndo ilikuwa inaishikilia mipangilio usiku kucha, siku ilipokufa pawa saplai hakuna wa kushika, mipangilio ikafutika ikarudi ile ya kiwandani. Windows yako iliwekwa diski ikiwa inasomwa kwa AHCI, namna mpya ya mashine kusoma diski, sasa hivi mashine imerudi kwenye IDE, namna ya zamani, Windows haiitambui nyumba yake.

Jamani nilikaa chini. Yaani Windows haikuwa na tatizo lolote.

Betri nikaipata kwa fundi saa, buku mbili, nikaibandua ya zamani kwa kucha nikaweka mpya upande wa maandishi juu. Nikawasha nikigonga F2 haraka haraka (nyingine ni Delete au F10), nikaingia kwenye bayosi, ukurasa wa mipangilio ya mashine kabla ya Windows, nikaweka tarehe na saa, nikatafuta palipoandikwa SATA, ndo mipangilio ya diski, kweli imesimama kwenye IDE. Nikaiweka AHCI, nikasevu, nikatoka. Moyo unadunda. Alama ya Windows, vidoto vinazunguka, vinazunguka... picha ya mwanangu kwenye desktop.

Kabla ya kugusa kingine nikachomeka flashi nikakopi mtihani, halafu folda yote ya kazi, halafu flashi ya pili. Saa kumi jioni printa ikaanza kuimba mpaka saa tatu usiku.

Mwalimu alikuja saa kumi na mbili na nusu asubuhi, akahesabu bahasha, akaniuliza dada mbona macho mekundu, nikamwambia kompyuta iliumwa kidogo. Fundi naye nilimpitia nikamuonyesha ile pawa saplai iliyokufa na klipu, akaijaribu mwenyewe, akaomba nimpe namba ya shem.

Siku hizi soketi naizima nikifunga duka, na ndani ya kava nimebandika karatasi kwa solotepu, tarehe niliyoweka betri na neno AHCI kwa makapeni mekundu.