Vitabu viwili kuhusu Ukristo wa kwetu

Ndugu zangu mnaopenda historia ya kanisa, jioni hizi hapa Moshi nimekuwa nikisoma kitabu cha Robert Munson kilichotoka mwaka 2013, kinachoeleza jinsi Ukristo ulivyoota mizizi Kilimanjaro na Meru kati ya mwaka 1890 na 1916, nacho kimenigusa sana. Munson haishii kwenye mahubiri na ubatizo. Anaitazama pia ardhi yenyewe, na mabadiliko ya mazingira yaliyokwenda sambamba na imani mpya. Sisi tuliokulia kwenye vihamba, yaani mashamba ya familia ya Wachaga, tunaielewa hoja hiyo upesi, kwa kuwa mibuni ya misheni ya Kilema, walikofika mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu, ni sehemu ya historia ya kanisa kama ilivyo altare yake.

Kabla ya hapo nilisoma kitabu cha Paul Kollman cha mwaka 2005, kuhusu watumwa waliokombolewa, wengi wao watoto, ambao ndio waliokuwa Wakristo wa kwanza wa misheni ya Zanzibar na Bagamoyo. Kollman anazisoma barua za wamisionari kwa subira, akitafuta ndani yake sauti za watoto hao, ambao wenyewe waliacha maandishi machache mno. Kwangu mimi, hiyo ndiyo kazi ngumu na ya haki kuliko zote.

Vyote viwili vimeandikwa kwa Kiingereza. Natamani sana makatekista wetu wavisome kwa Kiswahili.