Nilivyokinga maji ya kunywa kutoka kwenye kaushio la nyanya

Huu ni mwaka wa nne tangu nianze kukausha mboga na matunda kwa ajili ya kuuza, katika kijiji kimoja cha tarafa ya Isimani, kaskazini mwa mji wa Iringa, jirani na barabara iendayo Dodoma. Msomaji anayezijua Nyanda za Juu Kusini kwa chai ya Mufindi na migomba ya Tukuyu huenda akadhani kwamba eneo lote hili limelowa mwaka mzima, lakini Isimani ni upande mkavu: mvua ni ya msimu mmoja tu, na kuanzia Juni hadi Novemba ardhi hupasuka. Kisima tunachokitegemea kijijini kina maji ya chumvi, yanayofaa kufulia na kunyweshea mifugo, na maji ya kunywa tunayafuata mbali kwa baiskeli, madumu mawili ya lita 20 kwa safari moja. Katika hali hiyo nilijifunza kuyakinga maji yanayotoka ndani ya nyanya zinapokauka, nami naeleza hapa jinsi nilivyofanya, pamoja na yale yaliyonishinda.

Asubuhi moja ya Julai, wakati wa kipupwe, niligundua kwamba nilisahau kufungua matundu ya hewa ya kaushio na lilikuwa limefungwa usiku kucha. Tulipoliendea, upande wa ndani wa kioo ulikuwa umejaa matone, madogo yakivutwa na makubwa, na kila moja lililonenepa lilichirizika hadi kwenye ubao wa chini, ambao ulikuwa umelowa chapachapa. Mama mkwe wangu alipitisha kidole kwenye kioo, akakionja, akaniambia, “Mwanangu, haya ni maji matamu kabisa. Siku zote umekuwa ukiyapeleka wapi?” Sikuwa na jibu, kwa sababu kaushio la jua hujengwa makusudi ili kuyafukuza maji hayo: hewa huingia kwa chini, hupashwa joto juu ya bati jeusi, hupita katikati ya trei na kutoka juu ikiwa imebeba mvuke.

Siku hiyohiyo nilianza kupima. Nyanya mbichi ina maji takriban asilimia 94 ya uzito wake, tango hufikia 95, kabichi na tikiti maji huzidi 90, embe lina kama 83 na ndizi mbivu kama 75. Msimu ule nyanya za Ilula zilikuwa zimefurika sokoni na bei ya tenga ilikuwa imeporomoka, hivyo nilikuwa nikikausha kilo 60 hadi 80 kwa wiki. Nilipopiga hesabu nikaona kwamba zaidi ya lita 50 za maji zilikuwa zikipanda angani kila wiki kutoka uani kwangu, wakati mume wangu alikuwa njiani na baiskeli kufuata lita 40.

Jaribio la kwanza lilikuwa la haraka, na liliharibika. Niliziba matundu yote, nikakunja ukanda wa alumini kuwa mfereji mdogo chini ya ukingo wa kioo, nikaunganisha mpira mwembamba unaoishia kwenye chupa, kisha nikapanga kilo 4 za nyanya zilizokatwa vipande. Kwa siku mbili nilipata chini ya robo tatu ya lita, na siku ya tatu nyanya zikaota ukungu mweupe, nikawamwagia kuku. Ilinichukua muda kuelewa kilichotokea. Hewa iliyofungiwa hujaa mvuke haraka, na ikishajaa haiwezi tena kubeba maji mengine, kwa hiyo nyanya hukaa katika joto na unyevu, hali ambayo ukungu huipenda kuliko nyingine yoyote. Kioo nacho, ambacho nilitegemea kiwe mahali pa kutonea maji, kilikuwa kikipigwa na jua lilelile. Mchana kilikuwa cha moto, na mvuke haugeuki kuwa maji kwenye kitu cha moto. Ndiyo maana matone niliyoyaona Julai yalikuwa ya alfajiri.

Kukinga maji ya mimea kwa jua si jambo nililolibuni. Mwaka 1965 watafiti wawili wa Marekani, Ray Jackson na Cornelius van Bavel, walieleza jinsi mtu aliyekwama jangwani anavyoweza kuchimba shimo, kulitandazia nailoni inayopitisha mwanga, kuweka jiwe dogo katikati ili nailoni ibonyee, na kukinga kwenye chombo maji yanayotona kutoka kwenye udongo na kwenye vipande vya mimea kama kakati vilivyowekwa ndani. Shimo la namna hiyo humsaidia mtu kwa siku mbaya. Mimi nilitaka vitu viwili kwa pamoja, maji ya kunywa na nyanya kavu zinazouzika, na hapo ndipo kazi ilipokuwa ngumu, kwa sababu nyanya hutaka hewa kavu na maji hutaka hewa iliyojaa.

Fundi seremala wa kijijini ndiye aliyenionyesha njia, pengine bila kukusudia. Alilitazama kaushio akasema, “Mama, wewe unahangaika na joto, na joto unalo la kutosha. Unachokosa ni baridi.” Tangu siku hiyo nimeamini kwamba katika kazi hii maji huchumwa na upande wa baridi, na ninamsihi yeyote anayetaka kujaribu aanze kuufikiria upande huo kabla ya kununua kioo. Tulijenga kabati la pili nyuma ya kaushio, jembamba na refu, kwa bati jipya la kuezekea lisilopakwa rangi, aina ileile tunayokingia maji ya mvua. Juu tulitoboa mwanya mpana unaoliunganisha na kaushio, na chini mwanya mwingine. Hewa ya moto iliyopita kwenye trei hupanda, huingia kabatini kwa juu, hugusa bati la baridi na kuacha maji yake. Ikishapoa huwa nzito, hushuka, na kurudi kwa mwanya wa chini hadi kwenye bati jeusi, ambako hupashwa moto tena. Hewa ni ileile inazunguka bila feni wala umeme, na kila inapozunguka hufika kwenye nyanya ikiwa imepunguza unyevu.

Mahali pa kuliweka kabati hilo pana umuhimu wake. Sisi tuko kusini mwa ikweta, na jua la Juni na Julai hupita upande wa kaskazini. Kwa hiyo kioo tulikielekeza kaskazini na kabati likabaki kivulini, kusini. Kuanzia katikati ya Oktoba jua hutuvuka na kuhamia kusini, na hapo nililazimika kulijengea kabati kibanda kidogo cha nyasi. Bati lenyewe nililifunika kwa magunia yaliyoloweshwa, na maji ya kuyaloweshea yalikuwa yaleyale ya chumvi ya kisimani. Maji hayo yanapokauka kwenye gunia hupoza bati kwa nje, na kwa ndani maji matamu hutona. Hasara yake ni kwamba chumvi hula bati: baada ya miezi miwili kutu ilionekana kwa nje, na sasa gunia nalitundika kwenye fito, likiachana na bati kwa upana wa kidole.

Mzunguko wa kwanza ulioniridhisha ulikuwa wa kilo 10 za nyanya. Baada ya siku tatu zilibaki gramu 700 za vipande vikavu vinavyokunjika bila kuvunjika, yaani kilo 9.3 za maji zilikuwa zimetoka. Kwenye ndoo nilikuta lita 3.1. Tuliwasha kijiti chenye moshi na kukipitisha kandokando ya mlango, tukaona moshi ukipeperushwa nje kila mahali ambapo mbao hazikukutana vizuri. Nilipasua tyubu kuukuu ya baiskeli, nikaiosha kwa sabuni, nikaipigilia kuzunguka fremu yote ya mlango, na mzunguko uliofuata, kwa uzito uleule na siku zilezile, ndoo ilikuwa na lita 5.4. Sijawahi kuvuka lita 6 kwa kilo 10. Sehemu kubwa ya maji hayo hutona kuanzia jua linapozama, wakati nyanya bado zina joto la mchana na bati limeshapoa, kwa hiyo ndoo naitoa asubuhi.

Maji ya kwanza kabisa hatukuyanywa. Yalinuka rangi, kwa sababu bati la ndani lilikuwa limepakwa rangi nyeusi ya mafuta siku chache tu kabla, na yalikuwa na ukali unaofanana na wa siki, ambao ulitoka kwenye gundi ya silikoni niliyozibia kioo. Mvuke huacha chumvi na uchafu mzito nyuma, lakini chochote chepesi kinachoweza kuruka hupanda pamoja nao na kutona pamoja nao. Niliacha kaushio tupu juani kwa wiki mbili, nikamwaga kila kilichotona, ndipo harufu ikaisha.

Kanuni hiyohiyo ndiyo inayonifanya nichague kwa uangalifu mkubwa kitu cha kuweka kwenye trei, na hapa naomba nisikilizwe vizuri. Kisamvu na mihogo, hasa ile michungu, havifai kabisa kukingiwa maji. Vikikatwa au kutwangwa hutoa sianidi, ambayo huruka hata kwa joto la kawaida, na ndiyo sababu kisamvu huchemshwa sufuria ikiwa wazi. Ukikikausha kwenye sanduku lililofungwa, sumu ile inaweza kukufuata hadi kwenye ndoo. Mimea yenye utomvu kama mnyaa, na majani yoyote usiyoyajua, yaache hata kama yamejaa maji. Mimi hutumia tu kile ambacho ningekula kikiwa kibichi: nyanya, tango, embe, tikiti maji. Vitunguu na kabichi havina madhara, lakini maji yake hunuka hata baada ya kuchemshwa, na nyumbani hakuna aliyeyanywa. Matunda yaliyoanza kuchacha nayo nayatenga, kwa kuwa pombe hupanda kabla ya maji.

Usafi wa maji yanayotona hauishii kwenye mvuke. Yanateremka kwenye bati, yanapita mferejini, yanakaa kwenye ndoo, na popote hapo vijidudu vinaweza kuingia. Kwa hiyo mfereji na ndoo naviosha kwa maji ya moto kila mzunguko, na maji yote tunayachemsha kabla ya kunywa. Ladha yake ni nyepesi, na ya nyanya huacha harufu kidogo sana inayopotea yakikaa mtungini siku moja. Hayana madini, kama maji mengine yote yaliyokenekwa, yaani yaliyogeuzwa mvuke kisha kupozwa yakawa maji tena, lakini madini ya nyanya hayajapotea. Yamebaki kwenye vipande vikavu tunavyovila.

Nimeulizwa mara nyingi kama inafaa kununua matunda ili kupata maji. Haifai. Kilo 10 za nyanya kwa lita 5 za maji ni ghali hata bei inapokuwa chini kabisa. Wala haifai kutumia kuni au umeme badala ya jua: kugeuza lita moja ya maji kuwa mvuke huhitaji karibu theluthi mbili za uniti moja ya umeme, zaidi ya mara saba ya kinachohitajika kuichemsha tu. Faida ipo kwa yule ambaye tayari anakausha, ambaye jua limeshamfanyia kazi hiyo na mvuke unampotea bure. Tena ukaushaji wa namna hii unachelewa. Kaushio la wazi lilikuwa likinimalizia nyanya kwa siku mbili, na hili linachukua tatu. Siku hiyo moja ya ziada naikubali wakati wa kiangazi, na mvua zikianza natoa kabati, nafungua matundu, na kukausha kama zamani.

Kwa sasa nina makaushio matatu ya aina hii, na kiangazi kilichopita yalitupa kati ya lita 25 na 30 kwa wiki. Mume wangu bado anafuata maji kwa baiskeli, ila safari zimepungua. Maji ya kaushio yanawekwa kwenye mtungi wa mama mkwe wangu, ambaye miaka yote amesumbuliwa na ladha ya chumvi kwenye chai yake, na kila asubuhi yeye ndiye anayekwenda kuitoa ndoo kabla sijaamka. Mwezi ujao fundi atanibadilishia mlango wa kaushio la pili, ambalo bado linavujisha mvuke kwenye bawaba.