Alasiri ya Bamvua Katika Hori la Mida

Mwezi uliandama juzi, kwa hiyo nilijua kwamba leo ni bamvua, siku ya maji makubwa, na kwamba maji ya hori la Mida, hapa pwani ya Kenya, baada ya kupwa hadi mbali saa za asubuhi, yangerudi kwa nguvu mchana. Wageni wengi wa Watamu hushinda ufukweni, kwenye mchanga mweupe wa hifadhi ya bahari iliyoanzishwa mwaka 1968, nami siwalaumu, kwa maana mahali pale ni pazuri kweli. Hata hivyo, kila likizo miguu yangu hunipeleka upande wa pili, penye mikoko na matope, kwa sababu kaskazi inapovuma huko ndiko wanakofikia ndege walionifanya nipende pwani hii.

Nilifika saa saba, nikapita kwenye daraja la mbao linaloning'inia katikati ya mikandaa na michu, ambayo ni aina za mikoko, nikaketi ndani ya kibanda cha kuchungulia ndege. Vitwitwi walikuwa wametapakaa matopeni, na miongoni mwao walikuwamo wale wadogo wenye mdomo uliopinda kidogo, ambao huzaliana katika nyika baridi za Siberia na ambao mwili wao wote una uzito wa gramu sitini hivi. Sululu mmoja alikuwa akitembea peke yake, akipekua mashimo ya kaa kwa utaratibu wa mtu asiye na haraka.

Lakini niliyemfuata mimi ni mla kaa, ndege mweupe mwenye mgongo mweusi, miguu mirefu ya kijivu na mdomo mnene mweusi unaoweza kuvunja gamba. Yeye hutoka pwani za Uarabuni, zikiwemo za Omani, ambako huchimba shimo refu mchangani na kutaga humo yai moja tu, jeupe, likisaidiwa na joto la mchanga. Ni njia ileile ya upepo iliyowaleta mabaharia wa majahazi, na kila nikiliwaza jambo hilo humtazama ndege huyu kama mgeni wa zamani ambaye nyumba yetu anaijua vizuri kuliko mimi.

Mara ya kwanza nilipomwona, miaka kadhaa iliyopita, nilivua viatu nikamwendea na kamera, na kundi zima likaruka. Kijana aliyekuwa akituongoza aliniambia kwa upole, "Mama, usiwafuate. Keti, maji yatawaleta." Wakati ule nililichukua neno lake kuwa ushauri wa kupiga picha tu. Baadaye ndipo nilipoelewa kwamba saa za ndege hawa hupangwa na maji: matope yakiwa wazi hula, maji yakijaa husongamana kwenye mafungu machache ya mchanga yaliyosalia ili wapumzike. Anayewarusha hapo huwanyima pumziko ambalo hawana pengine pa kulipata, nao Machi na Aprili ikifika wanapaswa kuwa na mafuta mwilini ya kuwavusha bahari tena.

Leo niliketi tu, na maji yakawaleta kweli. Kufikia saa tisa walikuwa karibu kiasi kwamba niliona jambo nililotamani kuliona kwa muda mrefu: kinda wa mwaka huu, mwenye mgongo wa kijivu, alimwandama mzazi wake hatua kwa hatua akipiga mluzi, hadi mzazi akamwachia kaa aliyekwisha kung'olewa miguu. Ndege wengi wa jamii ya vitwitwi hujitafutia chakula tangu siku zao za kwanza. Huyu amevuka bahari kwa mbawa zake mwenyewe na bado analishwa. Macho yalinilenga machozi, nami sioni haya kuliandika hilo.

Jua lilipoinama, keremkerem wekundu walianza kupita juu ya kibanda kwa makundi, wakitafuta pa kulala katika mikoko, na maji yalikuwa yamekwisha kugeuka kuanza kutoka. Nilirudi darajani polepole ili mbao zisilie. Wala kaa hutafuta chakula hata usiku, na nilipofika nchi kavu, giza likiwa limeshaingia, niliusikia mluzi wa kinda ukisogea taratibu kuelekea kwenye matope mapya.