Kitasa cha pili

Duka letu la Kariakoo lina geti la chuma, makufuli matatu, na mlinzi anayelala juu ya boksi lililokunjuliwa mbele ya mlango. Funguo ziko seti mbili: moja kwangu, moja kwa dada. Mama mwenyewe hana. Duka la mtandaoni, lenye khanga zilezile, lilikuwa na nywila moja tu, na Jumamosi ile nilipokaa kuhesabu nani anaijua, nilifika watu saba nikaona aibu kuendelea.

Mimi na dada. Shemeji, kwa sababu dada alipokuwa amelazwa kujifungua oda hazikusubiri. Kaka, mtoto wa baba mkubwa, aliyetujengea tovuti mwaka 2019, naye siku hizi yuko Muscat. Kijana wa bodaboda, alikuwa anachoka kunipigia simu kuuliza mzigo unakwenda wapi. Jamaa mmoja tuliyemlipa mwezi mzima atuletee wateja, hakuleta hata mmoja. Na yule binti aliyekuwa anatupigia picha za khanga, aliyeondoka mwaka jana kwenda duka jingine. Nywila haikuwahi kubadilishwa. Ilikuwa neno "khanga" na mwaka tuliofungua. Sioni hatari kuiandika sasa, imeshakufa.

Sikuanza kwa kuwafikiria wao. Tovuti ilikuwa nzito, nikafungua kumbukumbu za seva kutafuta sababu, nikakuta mistari kwa mamia ya wageni waliobisha hodi usiku. Wengi walikuwa wanaulizia wp-login.php, mlango wa WordPress, programu ya kuendeshea tovuti. Sisi tunatumia OpenCart, programu ya kuendeshea duka la mtandaoni, hivyo mlango huo kwetu haupo, na seva iliwajibu 404, yaani hakuna kitu hapa. Hawakujua hata wamefika duka la nini. Ni roboti tu, zinapita tovuti hadi tovuti kama yule kijana anayepita usiku akijaribu mlango wa kila gari lililoegeshwa. Lakini hapo katikati wapo waliojaribu /admin, mlango wetu wa usimamizi, na hao seva iliwajibu 200: karibu, jaza jina na nywila. Cha kuchekesha ni kwamba nilikuwa nimeitaja /admin mwenyewe kwenye faili la robots.txt, lile linaloziambia roboti za Google na wenzake wapi wasipite, nikidhani naificha isionekane kwenye Google. Faili hilo kila mtu anaweza kulisoma. Ni kama kubandika karatasi dirishani: tafadhali msiangalie chini ya kitanda.

Nililala vibaya. Sikuwaza pesa, pesa zetu ziko kwenye simu. Nilichowaza ni ile lipa namba inayoonekana mteja anapomaliza kununua. Mtu akiingia ndani, kubadilisha tarakimu zile ni kazi ya dakika moja, na kuanzia hapo kila mteja analipa kwake huku oda zikiendelea kuingia kwetu kama kawaida. Halafu yako majina, namba za simu, na maelekezo ambayo watu wetu huandika bila kujibania: nyumba yenye geti la bluu ukipita msikiti, usije baada ya saa kumi, mume wangu anakuwa amerudi. Nani alinipa mimi ruhusa ya kugawa haya kwa watu saba? Tena tangu Mei 2023 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, ile ya mwaka 2022, na kwa lugha ya sheria hiyo mimi muuza khanga naitwa mkusanyaji wa taarifa. Jina kubwa kuliko duka.

Jumapili nikafanya kazi. Kwanza nikabadilisha jina la folda ya admin, nikarekebisha njia zote kwenye config.php, faili la mipangilio lililo ndani yake. Nilisahau mstari mmoja, ukurasa ukawa mweupe kabisa, nikapoteza nusu saa. Folda ya storage, ghala la mafaili ya ndani ya OpenCart, nayo nikaihamisha nje ya public_html, yaani nje ya sehemu inayofikika kwa mtandao, maana kile kidirisha cha onyo kimekuwa kikinisumbua kila ninapoingia, nami nakifunga tu kama ninavyofunga tangazo. Kisha kitasa chenyewe: faili la .htaccess ndani ya folda ya usimamizi, mistari minne, inayoiambia Apache, programu ya seva inayowapa wageni kurasa, isimwoneshe mtu chochote kabla hajataja jina na nywila. Anayebisha hodi sasa anajibiwa 401, yaani jitambulishe kwanza, kabla hata OpenCart haijajua kuna mgeni. Nywila zenyewe zinakaa kwenye faili jingine, .htpasswd, nalo linawekwa nje ya eneo ambalo brauza inaweza kulifikia. Kuna watu huliacha hapohapo mlangoni. Siwacheki.

Nilijisajili mimi kwanza, kwa amri ya htpasswd yenye herufi -c. Nikamsajili dada kwa amri ileile, nikairudisha kwa kitufe cha mshale wa juu, nikabadilisha jina tu. Ikakubali. Nikajaribu kuingia, nikakataliwa. Nikajaribu tena polepole kwa kidole kimoja, nikakataliwa. Kumbe -c maana yake ni kuanzisha faili upya: nilipomwandika dada nilijifuta mwenyewe, na mashine haikuniuliza hata "una uhakika?" Mtu wa pili anaongezwa bila herufi hiyo. Nilicheka peke yangu kama kichaa, nimejifungia nje ya duka langu na ufunguo pekee ni wa dada, naye amelala Tabata.

Jambo moja lilinifurahisha sana. Mtindo huu wa kitasa hautoi ulinzi wowote njiani. Jina na nywila vinasafiri kila unapofungua ukurasa, vikiwa vimegeuzwa herufi tu, na yeyote anaweza kuzigeuza zikarudi. Ndiyo maana bila https, inayofumba mawasiliano njiani, ni kazi bure. Nilipokuwa nasoma waraka wa kiufundi unaoueleza, namba 7617 wa mwaka 2015, nikakuta mfano waliouweka: mtumiaji anaitwa Aladdin, nywila yake ni yale maneno ya kuufungua mlango wa pango, "funguka, simsim". Sasa maneno yale ni ya Ali Baba na wezi wake arobaini! Aladdin na taa yake wanahusika nini na pango lile? Bibi yangu angewarudisha waanze hadithi upya. Au labda Aladdin alikuwa mtu wa saba kwenye orodha ya Ali Baba.

Sehemu ya kompyuta iliisha saa nane usiku. Sehemu ya watu haijaisha hadi leo.

Dada nilimpa nywila yake mkononi. Akaitazama, akaniuliza, "Kwani hapa mwizi ni nani?" Nikamwambia hakuna. "Sasa mume wangu umemtoa kwa nini?" Nikajaribu kumweleza habari za roboti, naye akanisikiliza kama anavyomsikiliza mteja anayetaka kupunguziwa doti tatu kwa bei ya mbili. Shemeji mwenyewe hakusema kitu, ila tangu siku hiyo ananisalimia kwa jina langu kamili. Kijana wa boda alifurahi: sasa kila asubuhi ananipigia anitajie mzigo, na vocha namlipia mimi. Kaka wa Muscat alinitumia kidole gumba tu.

Siku ya nne ikaingia meseji ya yule binti. "Shikamoo dada. Nikitaka kuingia ndani ya duka naambiwa ukurasa haupo, linki ya zamani haifiki. Mmehama?"

Nikaisoma mara tatu. Mwaka mzima! Nikampigia. Hakujificha hata kidogo. Alisema huwa anaingia siku mojamoja usiku kuangalia picha zake, na akiona jina la khanga limeandikwa vibaya analirekebisha, kwa sababu dada huandika haraka na lile kosa linamkera. Mimi nilikuwa nimeshaona majina yakijisahihisha, nikadhani ni dada anarudia kazi yake. Nilikuwa hata nimemsifia.

OpenCart inaruhusu kumtengenezea mtu nafasi yake, aone bidhaa tu, asione wateja wala malipo. Nilifungua ukurasa ule wa makundi ya watumiaji, nikaweka tiki kwenye bidhaa, nikaandika jina lake. Nikakaa. Yupo kwenye duka la mtu mwingine, anauza khanga kama sisi, na angeona tumeingiza doti ngapi na kwa bei gani. Nikafuta. Nikamtumia picha zake zote kwa WhatsApp, mia mbili na kitu, nikamwambia ni zake azitumie popote. Akajibu, "Sawa dada, asante."

Leo asubuhi nimepitia khanga mpya alizopandisha dada wiki iliyopita. Ile ya rangi ya zambarau, yenye jina "Siri ya mtungi aijuaye kata", imeandikwa "aijuaye kaka". Imekaa hivyo siku sita. Oda mbili zimeshaingia, na mmoja wa wateja ameuliza kama zipo na nyekundu.