Wimbo Usiopanda Jukwaani

Nilishuka Chamwino mwezi Julai, upepo wa Dodoma ukivuma na kunijaza vumbi hadi masikioni. Nilikwenda kwenye tamasha la muziki wa Wagogo, na shida yangu ilikuwa moja: nirekodi nyimbo za jando kabla wanaozijua hawajaisha.

Nyuma ya jukwaa nilimkuta babu, ndugu yake bibi mzaa mama, amekaa kwenye kigoda anatengeneza ilimba yake. Lilikuwa sanduku kubwa lenye vyuma vingi, la aina ile ambayo marehemu Hukwe Zawose, mwanamuziki wa Kigogo, alizunguka nayo dunia. Babu aligonga chuma kimoja kimoja kwa kinyundo, hiki akikirudisha ndani, kile akikitoa nje, halafu anakijaribu kwa dole gumba na kusikiliza. Akaguna. Akamtuma mtoto kwenye tembe la jirani akamletee utando wa buibui.

Mtoto akaja na kile kiduara cheupe ambacho buibui hukibandika ukutani kufunika mayai yake. Babu akakitandaza juu ya tundu la ilimba, akakigandisha kingo kwa utomvu, akapuliza taratibu kikauke. Alipopiga tena, sauti ilikuwa na mtetemo, inavuma kama nyuki ndani ya mzinga.

"Sasa ndiyo ilimba," alisema.

Pembeni akina mama walikuwa wanapasha ngoma zao za muheme kwenye moto ili ngozi zikaze. Mama mkubwa alikuwa mmoja wao, kanga kiunoni, ngoma katikati ya mapaja. Ni mzee wa kanisa huyu. Alipokuwa msichana, aliniambia, kupiga muheme ulikuwa upagani, na ukionekana unatengwa. Leo kwaya yake inapiga muheme hizohizo Jumapili mbele ya mchungaji. Nilimuuliza nini kimebadilika. "Wachungaji," akajibu, akageuza ngoma upande wa pili.

Nikarudi kwa babu, nikamwomba wimbo wa makumbi, ule wa jando, wavulana wakiwa porini. Akaitazama simu yangu.

"Wavulana wenyewe wako wapi?"

"Hawapo, babu. Lakini usipoimbwa utapotea."

"Basi upotee na jando lake. Huo haupandi jukwaani, mjukuu wangu."

Nilibishana naye, na mpaka leo naona nilikuwa na haki ya kubishana. Jando la porini limekwisha kwa wengi, watoto wanatahiriwa hospitali. Tukisubiri lirudi ndipo tuimbe, tutasubiri sana. Lakini ule haukuwa wimbo wangu, nikazima simu. Akanipigia wa mavuno, mrefu, akiuimba kwa ile sauti nyembamba ya juu ambayo sijui wazee wale huitoa wapi.

Jioni mshereheshaji kutoka mjini akatangaza kwa mbwembwe kwamba akina mama sasa watacheza ngoma ya kuomba mvua. Wenyeji wakaangua kicheko. Mvua ya Ugogo ni Desemba, na Julai ile mtama wa watu ulikuwa bado umeanikwa.

"Iombe polepole!" babu akapaza sauti. "Mtama wangu uko nje!"

Mama mkubwa akamjibu kwa kigelegele, akaipiga muheme kwa nguvu zake zote.