Ukurasa wa 43

Leja ilikuwa nzito, jalada lake jekundu limechakaa pembeni. Niliibeba kwapani kutoka stendi ya daladala hadi mahakama ya wilaya, Morogoro. Ilikuwa mwaka 2012. Nilikuwa karani wa stoo kwenye ghala la saruji, na dereva tuliyekula naye ugali kila mchana alikuwa ameshtakiwa kwa wizi wa mtumishi, yaani kumwibia mwajiri wake. Mifuko 120 haikumfikia mteja. Mimi nilikuwa shahidi wa pili wa Jamhuri.

"Leja hii unaitambuaje?" aliuliza mwendesha mashtaka.

"Kwa mwandiko wangu, na muhuri wa ghala."

Nikaifungua, nikaanza kusoma. Wakili wa utetezi akasimama na pingamizi. Hakimu akaniambia kwa upole niifunge: waraka hupokelewa kwanza, ndipo usomwe. Baadaye nilikuja kujua kuwa Mahakama ya Rufani ililisisitiza jambo hilo mwaka 2003, katika shauri la Robinson Mwanjisi. Na ukishapokelewa, ni lazima usomwe kwa sauti. Naipenda kanuni hiyo kwa moyo wote. Mtu anayeweza kufungwa kwa sababu ya karatasi ana haki ya kusikia karatasi hiyo inasema nini juu yake.

Ikapokelewa, ikawa Kielelezo P1. Nikasoma mstari kwa mstari, hakimu akiandika kwa mkono, Kiswahili changu akikigeuza Kiingereza kama ilivyokuwa desturi wakati ule. Nilipofika ukurasa wa 43 sauti ilinipungua. Safari nne, Jumatatu hadi Alhamisi, wino mmoja, mwandiko mmoja wa haraka. Wakili naye alikuwa ameuona.

"Shahidi, mistari hii minne uliiandika lini?"

"Jumamosi."

"Ukiitoa wapi?"

"Kwenye vikaratasi vya vibarua waliopakia."

"Viko wapi?"

"Nilivichoma pamoja na takataka za ghala."

"Mteja alilalamika lini kuwa mzigo haujatimia?"

"Ijumaa."

Mshtakiwa aliinua kichwa, akanitazama kwa mara ya kwanza tangu niingie. Sikuwa nimedanganya; tarakimu nilizinakili kama zilivyokuwa. Lakini leja huaminika kwa sababu imeandikwa siku ileile, kabla mtu yeyote hajajua kutakuwa na kesi. Yangu iliandikwa baada ya bosi kuanza kumtafuta mwizi, nami wala sikuwapo mifuko ilipopakiwa. Niliulizwa hilo pia. Nikajibu kweli.

Aliachiwa huru. Hakimu alisema shaka ile ni haki ya mshtakiwa. Kazini hakurudi, na kama aliichukua mifuko ile, mpaka leo sijui.

Miezi mingi baadaye niliitwa kusaini na kuichukua leja. Juu ya jalada palikuwa na alama ya P1 kwa kalamu nyekundu. Niliifungua pale pale kwenye kaunta ya masjala, ukurasa wa 43, nikaitazama ile mistari minne hadi karani aliponiomba niwapishe wengine.